Ndege ikizima utashukia wapi?

Bibi mmoja wa hapa kwetu Ihanda aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake papo hapo, nami ni muuguzi wa miaka zaidi ya ishirini, niliyezoea kuulizwa maswali. Tulikuwa tumekaa jikoni kwake, moshi wa kuni unatuumiza macho. Mjukuu wake wa miaka mitano alikuwa amelala kwenye mkeka akihema haraka haraka kama mtoto aliyetoka kukimbia. Hakuwa amekimbia. Alizaliwa na tundu kwenye moyo.

"Mwanangu," bibi akasema, "basi likizima, watu hushuka, wakakaa kando ya barabara, wakanunua ndizi, wakamngoja fundi. Ndege ikizima utashukia wapi?"

Mama wa mtoto alikuwa ameinama, hakunyanyua uso. Alikuwa na simu mkononi, na nilijua kilichomo ndani ya simu ile kwa sababu hata mimi nilitumiwa. Ni ile picha ya video iliyozunguka nchi nzima: chumba cha abiria cha ndege kimejaa moshi na watu wako kwenye viti vyao hawana pa kwenda.

Jambo lenyewe lilitokea Jumamosi, tarehe 24 Februari 2024. Ndege ya Air Tanzania aina ya Airbus A220 iliondoka Dar es Salaam kuja Mbeya, ndiyo kusema kuja huku kwetu. Ikiwa angani, injini moja ikapata hitilafu, na moshi ukaingia kwa abiria. Rubani aligeuza, akarudi Dar es Salaam, akatua salama. Hakuna aliyekufa. Lakini video haikuwa na sehemu ile ya kutua, ilikuwa na moshi tu. Na ndivyo habari ilivyofika Ihanda, ikiwa na kichwa bila mkia.

Kwa wasomaji wasiokujua kwetu, Ihanda ni kata ya Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia, baada ya Vwawa kama unaelekea Tunduma. Tunalima mahindi, maharage na kahawa. Mchana na usiku malori hutupita kwenda Zambia na Kongo, na foleni ya mpakani ikikaza, madereva hulala barabarani na akina mama huwauzia chai na mihogo. Barabara hiyo ndiyo inayotulisha, na ndiyo inayoniletea kazi. Nimefunga vidonda vya watu wa malori, wa mabasi na wa bodaboda, wengine hadi leo nikifumba macho nawaona. Hata hivyo sijasikia mtu hapa akisema hatapanda tena basi.

Basi, mtoto yule alitakiwa afike Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoko Muhimbili. Kutoka kwetu ni karibu kilomita 900 kwa barabara. Daktari alisema mtoto anayechoka hata kwa kunyonya chungwa asikalishwe kwenye kiti cha basi mchana kutwa na sehemu ya usiku kama kuna njia nyingine. Akampima kiasi cha oksijeni katika damu, akaandika barua kwamba anaweza kusafiri kwa ndege. Akina mama wa kanisani tukachanga nauli, kila mtu alichonacho. Nauli ilipopatikana, ndipo video ikaja.

Baba wa mtoto alisema waende kwa basi. Bibi akamuunga mkono. Mama hakusema lolote, na mjuavyo katika nyumba zetu, mama mdogo akinyamaza si kwamba amekubali.

Nilirudi nyumbani na swali la bibi. Usiku ule nikampigia simu kaka wa mwenzangu wa kwaya, aliyesomea ufundi wa ndege, nikamwambia nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu. Alicheka, kisha akanieleza kwa nusu saa. Baada ya siku mbili nikarudi jikoni kwa bibi.

"Bibi," nikamwambia, "ndege hii ina injini mbili, moja chini ya kila bawa. Ni kama ng'ombe wawili wa kulimia."

"Ng'ombe mmoja akilala, jembe halivutiki," akasema. Bibi huyu hadanganyiki.

Ndipo nikampa maneno ya fundi. Ndege ya abiria yenye injini mbili hairuhusiwi kubeba watu mpaka imethibitishwa kwamba injini moja pekee inaweza kuibeba. Hata ikizima wakati mbaya kuliko wote, yaani ndege iko mbioni kwenye njia ya kurukia na haiwezi tena kusimama, ile iliyobaki lazima iweze kuinyanyua, kuipandisha na kuirudisha uwanjani. Si bahati, imetengenezwa hivyo. Marubani nao hufanya mazoezi hayo katika chumba cha mfano wa ndege, wakizimiwa injini makusudi tena na tena, kisha hupimwa. Ng'ombe mmoja akilala, mwenzake anamalizia mtaro mpaka nyumbani.

"Na wakilala wote wawili?"

Nilijua ataliuliza hilo. Nikamwonyesha mlangoni. Kipanga alikuwa akizunguka juu ya shamba la kahawa, mabawa ameyatandaza, hayapigi. "Yule anapiga mabawa?" Hapigi. "Anaanguka?" Haanguki. Ndege iliyo juu kilomita kumi, hata injini zote zikizima, haidondoki kama jiwe. Huteleza hewani, ikishuka kidogo kidogo, na inaweza kwenda zaidi ya kilomita 100 kabla ya kugusa chini. Tarehe 24 Agosti 2001 ndege ya Air Transat ya Kanada iliishiwa mafuta juu ya Bahari ya Atlantiki ikiwa na watu 306. Injini zote mbili zilizima, moja baada ya nyingine. Iliteleza mpaka visiwa vya Azores, ikatua kwenye uwanja, na watu wote 306 wakatoka hai.

Ningeweza kuishia hapo, na bibi angeridhika. Lakini muuguzi akificha nusu ya habari, mgonjwa huigundua siku mbaya. Kwa hiyo nikamweleza na ya Comoro.

Wakati huo nilikuwa binti wa shule, na habari yake niliisikia redioni. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikiwa na watu 175. Watu watatu waliiteka, wakamtaka rubani, Kapteni Leul Abate, awapeleke Australia. Aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Hawakumsikia. Alishuka na ndege akifuata pwani yetu ya Afrika Mashariki, kisha akaelekea visiwa vya Comoro, na huko mafuta yakaisha. Injini zikazima. Aliitelezesha mpaka kwenye maji ya kina kifupi karibu na ufuko wa Ngazija, mbele ya hoteli ya watalii, lakini bawa liligusa maji na ndege ikavunjika. Watu 125 walikufa, pamoja na wale watekaji. Hamsini walipona, na rubani alikuwa mmoja wao.

Katika habari ile kuna jambo ambalo kila mama anayepanda ndege angepaswa kulijua. Abiria wengi walivaa majaketi ya kuokolea maisha, wakayajaza hewa wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, jaketi lililojaa hewa likamnyanyua mtu mpaka kwenye dari na kumbana pale. Hakuweza kuzama chini aufikie mlango. Waliokufa hivyo walikuwa na kitu cha kuwaokoa shingoni mwao. Jaketi huvaliwa ndani, na hujazwa hewa mlangoni wakati wa kutoka. Wahudumu husema hivyo katika kila safari, nasi tunakuwa tunatafuta mahali pa kuweka kikapu.

Bibi alikaa kimya, akasukuma kuni. Kisha akasema, "Kwa hiyo kinachoua si kuzima."

"Mara nyingi si kuzima, bibi."

"Basi nenda nao wewe. Wewe unajua."

Sikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo. Mwenyewe nilikuwa nimepanda ndege mara moja tu maishani, na mara ile nilifumba macho tangu mwanzo mpaka mwisho.

Tuliondoka Ihanda mwezi Mei 2024, alfajiri, baridi ya Mbozi ikiwa kali kama kawaida ya mwezi huo. Baba wa mtoto alitusindikiza barabarani, akamfunga mwanawe shuka la pili, hakusema neno. Tulipita Vwawa, tukapita Mlowo watu wakifungua maduka. Tukiwa njiani nilimwambia mtoto kuhusu Kimondo kilichopo Ndolezi, lile bonge la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16, lililoanguka kutoka angani miaka mingi kabla ya babu wa babu zetu. Nilitaka kumchangamsha. Mama yake akanitazama kwa jicho ambalo lilinionyesha kwamba habari ya vitu vinavyoanguka kutoka angani haikuwa ya kusimuliwa asubuhi ile.

Kisha ukaja mteremko wa Senjele. Mbele yetu lori la mizigo, nyuma yetu lori lingine, na dereva wetu anazungumza na simu. Mimi nilikuwa nikisali kimoyomoyo. Mama yule alikuwa akimpigisha mtoto soga, ametulia kabisa. Hofu ina mazoea yake, humruka jirani wa kila siku ikamshika mgeni.

Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, uko bondeni, kwa hiyo sisi wa Mbozi tunaufikia kabla ya Jiji la Mbeya. (Mgeni asichanganyikiwe: uwanja unaitwa Songwe, lakini uko Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulikuja baadaye, mwaka 2016, ukakuta jina limeshatumika.) Nilionyesha barua ya daktari, tukapimwa mizigo, tukaingia.

Ndani ya ndege, mhudumu alisimama kwenye ujia kuonyesha mkanda, milango na jaketi. Nilitazama pande zote. Mmoja alikuwa akipiga picha mlo wake wa asubuhi aliofungiwa na mkewe, wengine wanaandika ujumbe wa mwisho kwenye simu. Mama wa Ihanda pekee ndiye aliyekuwa ametoa macho kama mwanafunzi siku ya mtihani. Alichukua ile karatasi ya maelekezo kutoka kwenye mfuko wa kiti, akahesabu viti kutoka kwake mpaka mlango wa dharura, mbele na nyuma. Nilikuwa nimemfundisha kuhesabu kwa vidole, kwa sababu kwenye moshi macho hayasaidii, mtu huhesabu kwa kupapasa.

Mhudumu aliposema kwamba mama avae kwanza kifuniko chake cha oksijeni ndipo amvike mtoto, alinigeukia haraka. "Dada, hapo wamekosea."

Hawakukosea, na hili nilimweleza kama muuguzi. Huko juu hewa ya nje ni nyembamba mno. Ndani tunapumua kwa sababu ndege husukuma hewa ndani, iwe kama tuko kwenye mlima wa mita 2,000 na kidogo, jambo ambalo kwa sisi tuliozaliwa juu ya mita 1,500 si geni sana. Hewa ile ikitoka ghafla ndege ikiwa juu ya kilomita kumi, akili ya mtu mzima hubaki safi kwa nusu dakika, au dakika moja hivi. Haumii, hapaliwi, anajisikia vizuri tu, kisha vidole vinakataa kumtii. Mama akianza na mtoto anayelia na kurusha mikono, nusu dakika imekwisha, na wote wawili hawana cha kupumua. Akianza na yeye, sekunde chache tu, ana muda wote wa kumhudumia mwanawe, hata kama mtoto amezimia. Mfuko wa kifuniko usipojaa, asihangaike, hewa inapita. Na oksijeni ile ni ya dakika kama 12 au 15, zinazotosha rubani kushuka mpaka mahali watu wanapoweza kupumua wenyewe.

"Nijivike mimi kwanza," akarudia taratibu. Nadhani hakuwahi kuambiwa hivyo maishani kuhusu kitu chochote.

Moshi ni jambo jingine, na hapa ndipo ninapokaa kuliko habari ya injini. Hewa tunayovuta ndani ya ndege nyingi huchukuliwa kutoka kwenye injini zenyewe. Mbele ya injini kuna pangaboi kubwa linalovuta hewa. Hewa inashindiliwa, sehemu inachanganywa na mafuta yanayofanana na mafuta ya taa na kuwashwa, na sehemu kidogo inapozwa na kuletwa kwa abiria. Injini ikiharibika ndani na mafuta ya kulainishia vyuma yakavuja na kuungua, moshi wake unaweza kupita njia ile ile mpaka viti vyetu, ingawa hakuna moto wowote ndani. Kifuniko cha oksijeni cha abiria hakizuii moshi, maana huchanganya oksijeni na hewa ya mle ndani. Kinachosaidia ni kitambaa, kikiwa na maji ni vizuri zaidi, puani na mdomoni kwako na kwa mtoto, kichwa kiwe chini, na kuwasikiliza wahudumu. Khanga yetu ni kifaa cha dharura kuliko tunavyofikiri.

Mwisho wa mwaka ule ule nilikuja kukumbuka maneno hayo. Tarehe 23 Desemba 2024, ndege ya shirika la Swiss, aina ile ile ya A220, ilikuwa ikitoka Bucharest kwenda Zurich. Injini moja ilizima na moshi ukajaa. Marubani waliitua Graz, Austria, kwa injini iliyobaki. Abiria 74 walitolewa. Siku chache baadaye kijana mmoja mhudumu alifariki hospitalini kwa kukosa oksijeni. Ndege haikuanguka. Aliyekufa ni mhudumu aliyekuwa kazini ndani ya moshi. Tangu nisome habari ile, mhudumu anaposimama kwenye ujia siwezi kutazama kando.

Ndege ilikimbia, ikanyanyuka. Kishindo kikasikika chini ya miguu. Mama akanishika. Nikamwambia ni magurudumu yanaingia. Bonde likapungua, mabati yakang'aa kama sarafu. Kisha, dakika moja au mbili baadaye, sauti ya injini ikashuka ghafla na tumbo langu nalo likashuka.

"Imezima!" akasema, na kucha zake zikaingia kwenye mkono wangu.

Nami, wasomaji wangu, sitadanganya. Kwa pumzi moja niliamini imezima. Nilikuwa nimeambiwa habari hii na yule fundi, nikaikubali kwa kichwa, lakini mwili ulikuwa haujaambiwa. Wakati wa kuruka injini hufanya kazi kwa nguvu nyingi. Ndege ikishapanda kidogo, rubani hupunguza nguvu ili zisichoke bure, kama dereva anayebadili gia akimaliza mlima. Masikio yaliyozoea ngurumo husikia ukimya. Nilimtazama mhudumu kwenye kiti chake. Alikuwa anapiga miayo.

"Haijazima, mdogo wangu. Sikiliza."

Tulisikiliza wote wawili. Ngurumo ilikuwepo, ndogo, haikatiki. Mtoto alikuwa amebandika pua dirishani akiuliza kama yale mawingu ni pamba.

Saa moja na dakika chache baadaye tulikuwa Dar es Salaam, na joto lake likatupokea mlangoni. Nilikaa nao siku nne mpaka mtoto akalazwa, kisha nikarudi kazini. Upasuaji ulifanyika. Sitausimulia, kwa sababu siku ile sikuwepo, na siku za wodini ni za mama yake kuzisimulia.

Walipopewa ruhusa walirudi peke yao kwa ndege, nami nikaenda kuwapokea Songwe pamoja na baba. Mtoto alitoka akitembea. Alitembea kutoka mlangoni mpaka tulipokuwa, akamshika baba yake mguu, na hakuhema. Baba aligeuka akatazama ukutani kwa muda mrefu kidogo.

Tukapanda gari dogo la abiria kurudi kwetu. Mlima Senjele ulikuwa na lori lililokwama, na la kwetu likaanza kutafuta nafasi ya kulipita. Mama alimpakata mtoto, akapapasa kiti kulia na kushoto, akageuka nyuma.

"Dada, mkanda uko wapi?"

"Haupo."

Akatazama mlango, akahesabu kwa vidole. Mmoja tu. Kisha akaniinamia sikioni ili dereva asisikie.

"Na hili lina injini ngapi?"